Njia ya Shule Ikaguliwe kwa Kimo cha Mtoto

Kila Januari wazazi wa Goba, Madale, Kinyerezi, Chanika na Mbagala hujaa madukani kutafuta sare, viatu na madaftari ya watoto wanaoanza darasa la kwanza. Shule yenyewe huwa imeshachunguzwa: vyoo vikoje, darasa lina watoto wangapi, mtihani wa mwaka jana ulikwendaje. Kilichobaki bila kuchunguzwa ni ile kilomita moja au mbili kati ya mlango wa nyumba na geti la shule. Mtoto ataipita asubuhi na mchana, masika na kiangazi, kwa miaka yote ya shule ya msingi.

Mitaa ya pembezoni mwa Dar es Salaam ina tabia yake. Viwanja viliuzwa kwanza, barabara ikafuata, ikapita palipobaki. Shule nyingi za huko zilijengwa wakati eneo lote ni minazi na mikorosho, geti likaelekezwa kwenye njia ya miguu kwa sababu hapakuwa na kingine cha kulielekezea. Leo njia hiyo ina lami, daladala, bajaji, bodaboda na malori ya mchanga, na geti liko palepale. Mwongozo huu ni wa mzazi, mwalimu au mjumbe wa kamati ya shule anayetaka kujua kama njia hiyo inamfaa mtoto wa miaka sita au saba, na la kufanya akiona haifai. Hauhitaji uhandisi. Unahitaji siku mbili tatu, simu, futi kamba, daftari, na subira ya kutembea kwa mwendo wa mtoto.

Tuelewane jambo moja kabla hatujatoka nyumbani. Kinachokwenda kukaguliwa ni barabara. Sote tuliimbishwa darasani kuangalia kulia, kushoto, kisha kulia tena, na ajali ikitokea swali la kwanza mtaani huwa kama mtoto aliangalia. Anaweza kuwa aliangalia kweli na asione. Watafiti wa chuo cha Royal Holloway nchini Uingereza waliwapima watoto wa shule ya msingi, wakakuta kwamba jinsi gari linavyokuja kwa kasi zaidi, ndivyo jicho la mtoto linavyoshindwa kutambua kuwa linamjia. Gari linalokimbia mno laweza kuonekana kwake kama limesimama. Hilo halirekebishwi kwa fimbo wala kwa wimbo. Linarekebishwa kwa kulipunguza kasi gari.

Nenda saa yake, umfuate nyuma

Ukaguzi wa Jumamosi saa nne asubuhi hauna maana. Nenda siku ya masomo, Jumanne au Jumatano, saa ileile anayotoka mtoto. Kwa wengi hiyo ni saa 12 asubuhi au kabla yake kidogo, na hapo mwezi nao una uzito. Mwezi wa Julai jua la Dar es Salaam huchomoza baada ya saa 12 na nusu. Novemba huwa limeshatoka kabla ya saa 12 kamili. Njia uliyoiona Novemba ikiwa kweupe, Julai hupitwa gizani. Shati jeupe la sare lingemsaidia mtoto kuonekana, lakini kwa baridi ya Julai limefunikwa na sweta la rangi nzito na mgongoni kuna begi jeusi. Andika sehemu zipi zina mwanga na mwanga huo ni wa nani. Taa ya nje ya duka ni ya mwenye duka, na siku akihama inahama naye.

Rudi tena saa ya kutoka. Watoto wa madarasa ya chini hutoka mapema kuliko kaka na dada zao, kwa hiyo yule dada aliyemshika mkono asubuhi mchana hayupo. Shule yenye zamu mbili ina balaa lake jingine: kundi moja linaingia, jingine linatoka, na kibarabara kilekile kinabeba mawimbi mawili ya watoto kwa nusu saa moja. Wapo pia mchana madereva wanaokimbiza hesabu ya bosi, na barabara haina tena ile foleni ya asubuhi ya kuwapunguza mwendo. Ukilazimika kuchagua ukaguzi mmoja tu, mimi ningechagua wa mchana.

Sasa mwache mtoto atangulie. Wewe fuata hatua kumi nyuma na usimsahihishe. Njia uliyomfundisha ni moja, anayoipita ni nyingine: anakatiza kwenye kiwanja kisichojengwa, anampitia rafiki yake, anavuka mahali pasipo na kivuko kwa kuwa ng'ambo kuna mama anayeuza ubuyu na barafu. Usianze kugomba. Ichore njia hiyo kama ilivyo, maana ndiyo itakayotumika wewe ukiwa kazini. Weka alama kila anapovuka, kila anaposhuka kutoka pembeni na kuingia barabarani, na kila mahali ambapo mkono wako wenyewe ulitaka kumshika. Mzazi hana kipimo chepesi kuliko hicho.

Chuchumaa

Macho ya mtoto wa darasa la kwanza yako mita moja na kidogo tu kutoka ardhini. Kila palipo na alama ya kuvuka kwenye mchoro wako, chuchumaa, shusha simu hadi usawa wa uso wake, piga picha ya kulia na ya kushoto. Kisha simama, upige picha zilezile kwa kimo chako. Wapita njia watakushangaa, waache washangae.

Tofauti ya picha hizo mbili ndiyo habari yenyewe. Rundo la mchanga wa mwenye nyumba anayejenga, wewe unaona juu yake. Kwa mtoto ni ukuta. Hivyo hivyo meza ya chipsi, matofali yaliyopangwa ukingoni, majani ya masika, pikipiki za kijiwe zilizoegeshwa mstari mmoja. Asichokiona yeye, dereva naye hamwoni yeye. Ndiyo maana ajali nyingi za watoto husimuliwa kwa maneno yaleyale: “katokea ghafla.” Hakutokea ghafla. Alikuwa amesimama pale muda wote, nyuma ya mchanga.

Mengi ya vizuizi hivi hayangoji bajeti ya serikali. Mchanga una mwenyewe na majani yana panga. Mjumbe wa shina au mwenyekiti wa mtaa akimfuata mwenye nyumba na hizo picha mbili mkononi, mara nyingi yanaisha siku hiyohiyo.

Anapovuka

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Mtoto anaweza kutembea kilomita mbili pembeni kwa amani, kisha hatari yote ya safari ikakusanyika kwenye mita saba za lami.

Anza na kasi. Pima mita 50 kandokando ya barabara, karibu na pale anapovuka, uweke alama mbili: mawe yaliyopakwa chokaa, au miti miwili iliyopo ukishajua umbali wake. Kaa kivulini mahali unapoziona zote mbili. Gari likipita alama ya kwanza, anzisha saa ya simu. Likipita ya pili, isimamishe. Gawanya 180 kwa sekunde ulizopata, nawe umepata kilomita kwa saa. Sekunde 6 ni kilomita 30. Sekunde 4 na nusu ni kilomita 40. Sekunde 3.6 ni kilomita 50. Pima vyombo thelathini hivi, ukitenga bodaboda, daladala, magari madogo na malori. Usivae nguo nyeupe siku hiyo: madereva watakudhani trafiki, na vipimo vyote vitakuwa vya uongo.

Wastani wa namba hizo haukusaidii sana. Hesabu ni vyombo vingapi kati ya thelathini vilizidi kilomita 30 na vingapi vilizidi 50. Hamsini ndiyo mwisho wa mwendo unaoruhusiwa kwenye maeneo ya makazi nchini Tanzania. Thelathini ndiyo iliyotajwa na Azimio la Stockholm la Februari 2020 kwa mahali ambapo magari na waenda kwa miguu wanachanganyika, na sababu yake ni ya kimaumbile. Dereva makini mwenye breki nzima na lami kavu anahitaji kama mita 13 kusimama akiwa kwenye 30, na kama mita 28 akiwa kwenye 50. Mchanga juu ya lami, matairi vipara au mvua huongeza umbali huo. Mtoto aliyegongwa na gari lililo kwenye 30 mara nyingi hupona. Kwenye 50 matumaini hupungua sana.

Halafu pima muda anaotumia mtoto kuvuka. Kwa wengi wa umri huo ni takriban mita moja kwa sekunde, kwa hiyo barabara ya mita saba humchukua sekunde saba. Gari lililo kwenye 50 hukata karibu mita 100 ndani ya sekunde hizo. Lililo kwenye 30 hukata kama mita 60. Basi rudi pale ulipochuchumaa, uulize: kutoka hapa, kwa kimo hiki, naona mita 100 kulia na mita 100 kushoto? Kama kona, kilima au kibanda kinakata macho kwenye mita 40, mahali hapo hapavukiki, hata pakichorwa zebra mpya kila mwezi. Kuna tiba mbili tu: sogeza kivuko au shusha kasi.

Kipimo cha tatu ni subira. Simama pale dakika kumi na tano, uhesabu ni mara ngapi barabara inakuwa tupu kwa sekunde kumi mfululizo, muda wa mtoto kuvuka na akiba kidogo. Zikipita dakika mbili tatu bila nafasi hata moja, jua kwamba watoto hawasubiri dakika hizo. Wanakimbia. Utawaona wakishikana mikono watano, mmoja anahesabu, kisha wote wanachomoka. Wa mwisho, ambaye kwa kawaida ndiye mdogo, huvutwa na wenzake akiwa bado anaangalia upande mwingine.

Sasa zitazame alama zenyewe. Zebra pekee, bila kitu cha kumlazimisha dereva apunguze, kwenye barabara zetu ni rangi tu. Dereva mmoja atasimama na wa nyuma yake atapitiliza kwa pembeni, na huyo wa pili ndiye wa kuogopa, maana gari lililosimama linamficha mtoto. Tuta linafanya kazi, ila liangalie lilipo. Tuta lililo mita 150 kabla ya kivuko humpa dereva nafasi ya kurudisha mwendo wake wote kabla ya kumfikia mtoto. Linatakiwa liwe jirani na kivuko, kila upande, na bora kuliko yote ni tuta pana lenye mgongo bapa, zebra ikichorwa juu yake, ili anayevuka awe amenyanyuliwa na aonekane. Rasta humshtua dereva, haziwezi kumpunguza aliyezizoea. Kisha nenda mwisho wa tuta, pale linapokutana na mtaro, utazame chini. Ukikuta kijia cha matairi ya pikipiki kimechimbika pale, tuta ni fupi na bodaboda wanalipita pembeni, yaani palepale mtoto anaposimama kusubiri. Mawe makubwa mawili au vizuizi vya zege vinamaliza tatizo.

Kuna mitaa ambayo wananchi huchoka kusubiri wakamwaga kifusi na kujitengenezea tuta lao. Naelewa hasira yao, lakini sishauri. Tuta lisilo na rangi wala kibao halionekani usiku, anayeanguka juu yake huwa ni kijana wa bodaboda na abiria wake, na mwisho wake greda la serikali linalifagia.

Neno la pembeni kuhusu lami mpya. Barabara ya vumbi ilikuwa na mashimo, na mashimo yalikuwa askari wa bure. Siku lami inapowekwa mtaa mzima husherehekea, na wiki hiyohiyo kasi huwa imepanda. Ukaguzi wako wa mwaka jana umekufa siku hiyo, anza upya. Ukisikia mkandarasi yuko njiani, wahi kabla hajaondoka. Kuongeza matuta na njia ya miguu wakati mitambo iko kazini ni maneno ya mkutano mmoja. Baada ya kukabidhi mradi ni barua za miaka.

Anapotembea pembeni

Swali hapa ni moja: mtoto ana pa kukanyaga kila hatua ya njia? Watoto wawili sambamba na mtu anayekuja mbele yao wanahitaji kama mita moja na nusu hadi mbili. Pima kwa futi kamba palipo pembamba kuliko pote. Mara nyingi utakuta nafasi ipo kwenye ramani, imeliwa. Ndani ya hifadhi ya barabara kuna genge la nyanya, gereji ya pikipiki, ngazi za duka zilizosogea mbele, na gari bovu lililolala tangu mwaka juzi. Kila mahali kama hapo mtoto hushuka barabarani na kuyapa magari mgongo. Mwenye genge naye anatafuta riziki, na kumhamisha mita tatu nyuma kwa mazungumzo ni rahisi kuliko kungoja operesheni ya kumbomolea.

Palipokosa njia ya miguu kabisa, atembee upande wa kulia, ayaone magari yanayomjia. Mfundishe hivyo, lakini kwanza hakikisha upande huo hauna mtaro wazi. Mitaro ya zege bila mifuniko ni mtego wa pekee wa mitaa yetu iliyoboreshwa: mita moja kwenda chini, kingo kali, na wakati wa mvua maji yake yana rangi moja na barabara hivi kwamba ukingo hauonekani. Daraja la mbao la kuingilia nyumba ya mtu, lilikanyage wewe kwanza.

Njia ya masika

Njia ya kiangazi na njia ya masika ni njia mbili, hata kama zinaanzia na kuishia mahali pamoja. Usingoje Aprili kujua maji hufika wapi. Yasome sasa. Takataka na mifuko iliyonasa kwenye uzio wa miti inakuonyesha kimo cha mafuriko ya msimu uliopita, na mstari wa tope ukutani unasema hivyohivyo. Simamisha mtoto kando ya mstari huo. Ukimfika magotini, siku ya mvua kubwa hapitiki. Maji yanayokwenda kasi hayahitaji kumfika kifuani kumwangusha.

Korongo lililo katikati ya njia linataka uamuzi ufanywe mapema, nyumbani, kwa sentensi fupi ambayo mtoto anaweza kuirudia: maji yakipita juu ya kalavati, havuki, anarudi shuleni au anaingia nyumba fulani kusubiri. Mwalimu wa zamu ajue, na mwenye nyumba hiyo ajue kabla ya mvua. Mtoto aliyeachiwa aamue mwenyewe ukingoni, akiwa na wenzake wanaomcheka, atavuka.

Watu wa njiani

Magari yakiisha, mtaa una hatari nyingine, na wazazi wa wasichana wanaijua. Weka alama kwenye kila pagale lisilo na milango, kila kichaka, kila uchochoro wenye kuta ndefu pande mbili na usio na mlango hata mmoja unaotazama njia. Weka alama pia kwenye mbwa wasiofungwa asubuhi. Kisha weka alama za aina ya pili: palipo na mama anayekaanga vitumbua tangu alfajiri, duka linalofunguliwa mapema, msikiti wenye watu wanaotoka swala. Njia yenye macho ya watu wazima ni bora kuliko ya mkato, hata ikiongeza dakika kumi. Na macho hayo yaombwe rasmi. Mwambie mama wa vitumbua kwamba mwanao hupita hapo, umtajie jina la mtoto, na mtoto aonyeshwe kuwa hapo anaweza kukimbilia.

Kijiwe cha bodaboda kinaweza kuwa upande wowote wa orodha hii. Kuna vijiwe ambavyo vijana wake husimamisha magari watoto wavuke. Kuna vingine ambako lifti ya bure kwa msichana wa darasa la sita huwa na bei inayodaiwa baadaye. Keti pale ukinywa kahawa, usikilize wanavyowasemesha wanafunzi. Ndani ya nusu saa utakuwa umejua.

Getini

Mita hamsini za mwisho ndizo zinazowachanganya watu, kwa kuwa hapo hatari inaletwa na sisi wenyewe. Mzazi mwenye gari anaegesha juu ya kivuko “dakika moja tu”, basi dogo la shule jirani linarudi nyuma likiwa limezungukwa na watoto wafupi kuliko kioo chake, bodaboda ya watoto watatu inakata katikati. Simama mbali kidogo uchukue video ya dakika tano wakati wa kuingia. Ukiionyesha kwenye kikao cha wazazi, wengine watajiona.

Tazama pia geti lenyewe. Likifunguka moja kwa moja kwenye lami, kengele ikigonga watoto humwagika barabarani wakikimbia, na hakuna tangazo linaloweza kuzuia furaha ya kutoka darasani. Dar es Salaam ina mfano mzuri hapa. Shirika la Amend, kupitia mpango wake uitwao SARSAI, lilianza kwenye shule za msingi za jiji hili kwa kutazama watoto wanavyoingia na kutoka, kisha likajenga vitu vidogo: matuta, njia za miguu zilizotengwa na magari, vizuizi, vibao, na pengine kuhamisha geti likatazama mtaa uliotulia. Watafiti walipolinganisha shule zilizorekebishwa na ambazo bado, majeraha ya ajali kwa wanafunzi yalikuwa yamepungua kwa angalau asilimia 26, na kasi ya magari ilishuka, mahali pengine kwa hadi asilimia 60. Mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya miji ya WRI Ross Center, dola 250,000, mbele ya miradi ya miji mikubwa duniani. Kazi yenyewe ilikuwa saruji, rangi na mtu aliyesimama getini akatazama.

Kutoa hukumu

Wahandisi wana mfumo wa kuzipa barabara za shule nyota, moja hadi tano, na ukipata mhandisi wa kukusaidia ni vizuri. Mzazi hahitaji nyota, na wala sipendi fomu za kujumlisha alama, kwa sababu zinadanganya: njia yenye miti, kivuli na majirani wema inajizolea alama nyingi zinazofunika kivuko kimoja kibaya. Njia haina wastani. Ina thamani ya sehemu yake mbaya kuliko zote. Itaje sehemu hiyo kwa jina, ujibu swali moja: mtoto wangu wa umri huu anaweza kuipita peke yake? Kama jibu ni hapana, basi kuanzia kesho asubuhi, kabla ya barua yoyote, apite njia nyingine hata kama ni ndefu, au wazazi wa mtaa mpeane zamu ya kusimama pale, au watoto waende kundi moja na mtu mzima hadi ng'ambo. Nyumba tano zikishirikiana, kila moja ina zamu siku moja kwa wiki, Jumatatu hadi Ijumaa. Panga utakavyo, mradi isiwe kazi ya mtu mmoja ambaye atachoka kabla ya likizo.

Kuiandikia serikali

Jua kwanza barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Za mitaa na wilaya, tangu mwaka 2017, ziko chini ya TARURA. Barua iliyokosea mlango hupotea miezi. Mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kata atakuambia.

Barua iwe ukurasa mmoja, itoke kwa kamati ya shule na isainiwe na mwalimu mkuu na mwenyekiti wa mtaa. Barua ya mzazi mmoja husomwa kama malalamiko. Itaje mahali kwa alama ambayo mhandisi ataipata bila kupiga simu: “mbele ya kisima cha mtaa, mita 60 kutoka geti.” Kisha namba zako: kati ya vyombo thelathini vingapi vilizidi 30, vingapi vilizidi 50, mtoto anaona mita ngapi kila upande, watoto wangapi huvuka hapo kati ya saa 12 na saa 1 asubuhi. Ambatisha zile picha mbili, ya kimo chako na ya kimo cha mtoto. Omba kitu kimoja. Ukiomba taa, matuta, mitaro, njia ya miguu na trafiki wa kudumu, utajibiwa kwamba ombi lako limepokelewa na litafanyiwa kazi, nawe unajua maana yake. Ukiomba tuta moja lenye zebra juu yake mahali fulani, mtu atalazimika kusema ndiyo au hapana.

Wakati nao ni nusu ya ombi. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na mipango ya halmashauri hupikwa miezi mingi kabla ya hapo. Barua ya Mei inakuta sufuria imeshaepuliwa. Lenga Oktoba, upeleke nakala kwa diwani ili jambo lisemwe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, na nyingine kwa kikosi cha usalama barabarani cha wilaya. Ukijibiwa kwamba bajeti hakuna, usifunge jalada. Uliza yasiyo na bajeti: kituo cha daladala kisogezwe kisifunike kivuko, genge lirudi nyuma, zebra iliyofutika ipakwe upya, trafiki asimame pale kwa wiki ya kwanza ya muhula.

Nakala yenye mhuri wa kupokelewa ibaki kwenye faili ofisini kwa mwalimu mkuu, pamoja na mchoro, vipimo na tarehe zake. Wajumbe wa kamati hubadilika na wazazi huhama. Atakayefuatilia Januari ijayo huenda asiwe wewe, na tuta likishajengwa, ni vipimo hivyo vitakavyoonyesha kama magari yalipungua kasi kweli au yalijifunza tu kulipita pembeni.